"Tairi Kipara" Si Tafsiri

Tumesoma hivi karibuni tafsiri ya makala ielezayo mashindano ya Marekani ambamo magari mawili huondoka pamoja kutoka hali ya kusimama na kukimbia katika mstari ulionyooka, kwa desturi futi 1,320, yaani kiasi cha mita 402. Mfasiri ameyaita "mbio za kuburuta". Hakuna kinachoburutwa, lakini kosa hilo halimdhuru mtu. Lililotushtua ni "tairi kipara".

Kwa madereva wetu, tairi kipara ni tairi lililokwisha: mifuo yake imelika, mpira umekuwa mwembamba, na askari wa barabarani akiliona hulizuia gari. Tairi la mashindano hayo hutoka kiwandani bila mifuo, tena kwa mpira laini, ili uso wake wote uguse njia kavu. Hujazwa upepo kidogo mno, nalo hubonyea na kukunjika gari liondokapo, hata sehemu iliyoshika ardhi ikapanuka. Je, mwalimu asomaye kwamba "tairi kipara hushika zaidi" atawafundisha nini wanafunzi watakaopanda basi wakati wa masika? Penye maji, mifuo ndiyo inayoyatoa chini ya tairi. Isipokuwapo, tairi huelea. Twapendekeza "tairi la uso mzima".

Halafu kuna "mvuto". Neno hilo tumekwisha kulipa kazi nyingine katika fizikia. Tairi halivuti njia, huishika. Dereva husema "tairi halishiki", basi "mshiko" lipo tayari, na "msuguano" libaki kuwa jina la nguvu iuletayo.

Mfasiri asema pia kwamba tairi bora "huongeza kasi", na hapa ameficha kiini cha mchezo. Tairi haliipi injini nguvu. Mashindanoni hupimwa muda uliotumika, na kando yake kasi ya gari linapomaliza. Gari ambalo magurudumu yake yamezunguka bure mwanzoni hupoteza muda usiorudi, hata kama kasi yake ya mwisho haikupungua sana. Mshiko huongeza mchapuko, hasa wa hatua za kwanza.

Na "kuchoma matairi"? Dereva huzungusha magurudumu juu ya maji kidogo ili mpira upate joto na kunata. Msomaji wa mjini atadhani kuna ghasia! Wanamichezo wetu wanalo neno: kupasha moto.