Amana Haipimwi kwa Futi



Mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea filamu iitwayo "Girl Model", waliyoitoa David Redmon na Ashley Sabin mwaka 2011. Akanambia, "Maalim, itazame, kisha utwambie." Picha za mwanzo ni za wasichana wengi wa Siberia, katika nchi ya Urusi, wamepangwa safu na nguo za kuogelea, wakipimwa viuno kwa futi kama vitambaa dukani. Niliinamisha macho, nikataka kuondoka. Nashukuru kwamba nilibaki, kwani filamu hii haikuja kuwasifu wafanyao biashara ya sura za watoto. Imekuja kuwafichua.

Anachaguliwa binti wa miaka 13, wa nyumba ya watu wa hali ya chini. Anaahidiwa kazi Japani na dola 8,000. Anafundishwa aseme ana miaka 15. Anafika Tokyo peke yake, lugha haijui, na uwanja wa ndege hapana aliyekuja kumpokea. Mkataba wasema akizidi sentimita moja kifuani, kiunoni au nyongani, kazi hana. Mwenzake wa chumbani alikula makusudi mpaka akanenepa, apate kurudishwa kwao. Wote wawili walirudi na deni.

Najua yuko atakayesema, "Ndiyo malipo ya kutembea uchi." La, ndugu yangu, usimrukie mtoto. Mtoto hakuandika mkataba ule, wala hakujikatia tikiti. Watazame watu wazima waliomzunguka: mzazi aliyetumai, wakala aliyemsafirisha, mnunuzi wa picha asiyeuliza umri. Na khasa mtazame yule mwanamke aliyemchagua. Yeye naye alikuwa katika kazi hiyo ujanani, na filamu yatuonyesha jinsi alivyoichukia. Pamoja na hayo, kila mara arudi Siberia kutafuta wengine. Mjinga dawa yake ni kufunzwa. Mwenye kujua, kisha akatenda, dawa yake ni kuzuiwa mkono.

Hapo ndipo penye nguvu ya filamu hii. Lakini ina ila yake. Binti analia akizungumza na mamake kwa simu, na kamera imesimama inamtazama. Nilijiuliza: huyu mwenye kamera alimsaidia nini? Filamu haijibu. Kuishuhudia dhulma ni wema, lakini mtoto aliaye hataki shahidi tu, ataka mtu wa kumshika mkono.

Waarabu wa zama za Ujahili walikuwa wakiwazika mabinti hai kwa kuhofia ufukara. Leo binti hazikwi. Hupelekwa mbali kwa kutumai utajiri. Hofu imegeuka tamaa, na mwenye kulipa ni binti yule yule.

Wenyewe huko Magharibi wameanza kuzinduka. Mwaka 2013 jimbo la New York, Marekani, liliwaingiza wanamitindo walio chini ya miaka 18 katika sheria ya watoto waigizaji: sehemu ya ujira wao iwekwe akiba, na wadogo wawe na mwangalizi. Sisi dini yetu ilitufunza zamani kwamba mtoto ana walii, naye ni amana.

Basi tusiseme haya ni ya Warusi. Hapa kwetu pwani mawakala hubisha hodi wakitaka mabinti wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba. Wako waliofanyiwa wema, na wako waliorudi wakilia. Kazi si ile, lakini njia ni moja: ahadi tamu, karatasi isiyosomeka, na nauli iliyogeuka deni. Kabla hujatia sahihi, ewe mzazi, uliza nani atampokea, nani atamlipa, na akitaka kurudi nani atamrudisha. Ukiona wakala anakasirika kwa kuulizwa, umekwisha kujibiwa.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe ghera ya kuwahifadhi na watoto wa wenzetu. Amin.