Filamu ya Ngoma au Ngoma ya Filamu?

Ngoma ya nsimba ikirekodiwa kwa video kijijini Ufipa, afisa utamaduni wa Sumbawanga aiorodheshe wapi: katika muziki, michezo ya kuigiza au filamu? Swali hili ni la istilahi kabla ya kuwa la ofisi.

Neno ngoma hutaja ala, wimbo, uchezaji na shughuli nzima kwa pamoja. Mgawanyo umeletwa na maandishi yetu. Sheria Na. 4 ya 1976 ilishughulikia filamu pamoja na michezo ya kuigiza. Muziki ukawekwa chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* (1976), walitaja mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Kipimo hiki chafaa uwanjani, ambako mtazamaji huitikia wimbo. Kamera humwondoa, picha hubaki, mwitikio hukoma. Kwa hiyo filamu haiwezi kuingizwa tu katika "sanaa za maonyesho" bila maelezo. Nayo "sanaa za kuona na kusikia" hutaja milango ya fahamu ya mtazamaji, ikamsahau mtendaji.

Sarufi yetu yatosha. "Filamu ya ngoma" iwe kumbukumbu ya ngoma iliyochezwa kwa ajili ya wanakijiji. "Ngoma ya filamu" iwe ile iliyotungwa kwa ajili ya kamera. Orodha isipotofautisha hizi mbili, vizazi vijavyo vitadhani kuwa maigizo ndiyo mila.