Kabla ya Kubonyeza Riseti

"Ilizima ikiwa inafanya nini?" Hilo ndilo swali la kwanza la fundi mmoja, mzaliwa wa Kisarawe, anayezunguka na begi lake kwenye viwanda vya Kibaha. Draivu ya mota, kifaa kinachoongoza kasi yake, imeshaandika kwenye kioo chake kwamba mkondo umezidi, kazi imesimama, bosi amekunja uso, lakini fundi bado anamhoji mwendesha mashine: ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, iko kwenye mwendo wake, au inapunguza?

Nalipenda swali hilo kuliko kifaa chochote alichobeba. Ikizima inapoanza, huenda imepewa sekunde chache mno za kuchanganya mwendo, au mzigo umekwama. Ikizima mwendo umeshatulia, kuna kitu kimebadilika huko iliko mota: beringi imekufa, mkanda umebana, kebo imenyonya maji ya masika. Ikizima kabla shafti haijatikisika, anashuku shoti kwenye nyaya au transista za draivu yenyewe. Mwendesha mashine, ambaye siku nyingine haulizwi neno, ndiye mwenye jibu.

Kisha anakata umeme, anasubiri. Umeme wa volti 400 ukigeuzwa ndani ya draivu hukaa kwenye kapasita kwa takribani volti 565, na hauondoki papo hapo swichi ikizimwa. Anapima mpaka zishuke. Anafungua nyaya tatu za mota na kuiwasha draivu peke yake: ikizima tena, ugonjwa uko ndani yake, ikitulia, anaifuata kebo. Mega, kile kipimo cha uhami wa nyaya, haiweki kwenye kebo ambayo bado imeungwa na draivu, maana volti zake huua transista. Mwisho anaizungusha shafti kwa mkono, taratibu, kichwa kimeinama, kama mkunga anayepapasa tumbo.

Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuzalisha draivu hizi kwa wingi mwaka 1968, wakati ambapo Wadenmark na wenzao wa Nordic walikuwa Kibaha wakiendesha kituo cha elimu walichotukabidhi mwaka 1970. Walituachia madarasa na kituo cha afya. Subira ya ufundi ilibidi tuijenge wenyewe, na tuliijenga.

Sasa tunaibomoa. Draivu ikizima, mtu anabonyeza riseti, tena na tena, na kila mara mkondo uleule unazipiga transista hadi zinapasuka. Wengine wanapandisha kikomo cha mkondo ili ilani isionekane. Inanunuliwa draivu mpya, inafungwa kwenye kebo ileile mbovu. Siwalaumu sana vijana. Nani amewapa muda wa kukaa na hitilafu? Na kazi inazidi kuongezeka: maji ya mto Ruvu yanayopanda Kisarawe tangu mradi wa 2020 yanasukumwa na mota. Viwanda vinaongezeka Zegereni na Kwala. Vinatafuta watu wa kufunga mashine mpya, na yule fundi mzee anafanya kazi bila mwanafunzi hata mmoja.