Kitale Ilivyogeuzwa Sokomoko

Ken Walibora alizaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960, akakulia Cherangany, upande wa Kitale. Familia nyingi za Bungoma zilifuata njia hiyohiyo baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi wa Trans Nzoia yalipokatwa vipande na kugawiwa au kuuzwa. Mwandishi mwingine angesimulia kisa cha mtoto anayehamia shamba jipya, mambo yakaisha. Walibora alipita kwingine.

Siku Njema (1996) haianzii Kitale. Inaanzia Tanga, kwa Kongowea Mswahili, mvulana anayefiwa na mama kisha akafunga safari kumtafuta baba asiyemjua. Na baba yuko wapi? Kitale! Ufundi uko hapo. Mji ambao mwandishi aliuzoea tangu utotoni, wa mahindi na baridi ya alfajiri, unakuwa nchi ya mbali, ya kufikiwa kwa mateso na kubahatisha. Fasihi ya Kiswahili ilishazoea kuipa pwani mvuto wote. Hapa kijana wa pwani ndiye anayeota kuiona bara, na msomaji wa Kiminini au Kimilili anatazama kwao kwa macho ya mgeni.

Mama yake Kongowea, Zainabu Makame, ni mwimbaji hodari. Anakufa mapema katika riwaya, lakini sauti yake haimtoki mwanawe. Miaka mingi baadaye Walibora aliandika tawasifu, akaiita Nasikia Sauti ya Mama. Ukivisoma vitabu hivyo kwa kufuatana, unashuku kwamba kilichovuka kutoka maisha kuingia riwayani si tukio zima bali kitu kimoja tu, sauti, akakabidhiwa mwanamke wa Tanga aliyebuniwa.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) mbinu inageuka kabisa. Safari hii Kitale haitajwi. Kuna nchi ya kubuni iitwayo Tomoko, na ndani yake Sokomoko, anakotawala Mtemi Nasaba Bora. Shaaban Robert alikuwa ameshawafungulia njia watunzi wa Kiswahili kwa Kusadikika (1951), lakini nchi ile inaelea hewani. Sokomoko ina udongo. Ina mlowezi aliyeondoka, Majununi, na mkubwa mweusi aliyejitwalia makao yake. Ina ng'ombe wa maziwa na wachungaji wa mshahara mdogo. Zaidi ya yote ina hatimiliki za kughushi: Amani anajifanya mchungaji kwa Mtemi ili achunguze jinsi babu yake alivyouawa na shamba la ukoo likaporwa. Mtu wa Trans Nzoia hahitaji ramani hapo.

Mto Kiberenge nao utazamwe kwa karibu. Wenyeji wa Sokomoko hawanywi maji yake, ni mwiko. Amani na Imani, wageni wenye kiu, wanayanywa, na hawadhuriki. Tukio lenyewe ni fupi, wala Walibora halipambi. Mtoto aliyelelewa mashambani amesikia miko ya namna hiyo kabla hajajua kusoma, naye mtunzi anaipokea kama ilivyo, kisha anawaleta watu wawili ambao hawakuonywa. Hofu ya kijiji inapimwa bila msimulizi kuhutubu.

Kufa Kuzikana (2003) inataka kuguswa tu. Nchi ni Kiwachema, makabila ni Wakorosho na Wakanju, na uhasama wao unawakumbusha Wakenya mapigano ya 1991 na 1992, yaliyozikumba Trans Nzoia na Bungoma pia. Kwa jeraha bichi kama hilo, jina la kubuni lilimruhusu mwandishi kueleza chuki bila kuinyoshea jamii fulani kidole.

Ubunifu huo una gharama yake. Majina kama Nasaba Bora na Majisifu yanamfichua mhusika kabla hajatenda lolote, na katika Siku Njema sadfa zinamsaidia Kongowea kupita kiasi. Lakini Majisifu, mwalimu mlevi anayeuiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake, anaponyoka kwenye jina lake kila anapoingia nyumbani kwa mke wake na watoto wao wenye ulemavu. Pale Walibora anaacha kumcheka.