Kozi ya wengi haifai kuwa na 'mmiliki' mmoja

KUNA neno ambalo limeingia kimyakimya katika nyaraka za vyuo vyetu na kukaa kitako kana kwamba limekuwepo tangu jadi: 'mmiliki wa kozi'. Utalikuta katika sera za mafunzo ya mtandaoni, katika fomu za idara na hata katika barua za kumtaka mhadhiri 'akabidhi umiliki' kabla ya kustaafu. Hoja yangu leo ni kwamba neno hili, jinsi linavyotumika, limebebeshwa mzigo wa maneno matatu, na kwamba utata huo si suala la wanaisimu peke yao. Wapo watu wanaopoteza jasho lao kwa sababu yake.

Kumbuka hali ilivyokuwa Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa nchini kwa sababu ya Covid-19. Wahadhiri walilazimika kuyahamisha masomo mtandaoni mbiombio. Kozi ikaacha kuwa daftari la mtu mmoja. Huyu aliandika maelezo, yule akarekodi sauti, wa tatu akatunga maswali ya kujipima, naye kijana wa teknohama akaviunganisha vyote. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kundi la watu watano, nami nikiwemo, lilijenga kozi ya isimu kwa namna hiyo. Faili zote zilikaa katika akaunti ya mwenzetu mmoja, eti kwa kuwa ndiye aliyezifungua kwanza. Alipohamia kwingine, akaunti ikafungwa na faili zikaenda nayo. Wanafunzi waliokuwa katikati ya muhula walibofya viungo wakaambiwa hakuna kitu. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba 'mmiliki' ameondoka. Ala! Na sisi wanne tuliobaki, tulikuwa wageni?

Hebu tulipasue neno lenyewe. Kitenzi 'kumiliki' kina asili ya Kiarabu, na katika mzizi huohuo ndimo tulimopata 'milki', lenye maana ya mali na pia ya himaya ya mtawala. 'Malkia' ni wa ukoo huo. Neno 'mmiliki', basi, halijaacha kunukia ufalme. Linamweka mmoja juu ya kiti na wengine chini ya mkeka. Si ajabu kwamba likitumiwa kuelezea kazi ya watu watano, wanne kati yao hutoweka.

Ilhali Kiswahili kina njia nyingine ya kutaja uhusiano wa mtu na kitu. Kina '-enye'. Tazama neno 'mwenyekiti'. Mwenyekiti ana kiti, naam, na hakuna anayekikalia yeye akiwapo. Lakini muhula wake ukiisha, hakibebi kiti akakipeleka nyumbani kwake. Kukalia kiti ni jambo moja, kukimiliki ni jingine, na fundi seremala aliyekichonga ni mtu wa tatu kabisa. Lugha yetu ilikwisha kuyajua haya kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Katika kozi ya pamoja mnapaswa kutofautishwa watu hao watatu. Kuna watunzi, yaani wale walioijenga. Kuna mwenye haki, yaani yule ambaye sheria inampa mamlaka ya kuiuza, kuikodisha au kuigawa. Na kuna msimamizi, yaani anayeshika funguo: anayeamua nani aingie, nani ahariri na nani asome tu. Mara nyingine mtu mmoja huwa na nafasi zote tatu. Katika kazi ya kikundi ni nadra, na ndipo neno 'mmiliki' linapotupotosha.

Msomaji anayeifahamu Majengo yetu hapa Nyeri, au yale Majengo mengine katika miji ya Kenya, hahitaji kufunzwa kwamba umiliki unaweza kugawanyika. Katika Majengo ya Pumwani, Nairobi, tangu miaka ya 1920, ardhi ilikuwa chini ya mamlaka ya mji, nyumba ikawa ya aliyeijenga, na vyumba vikakaliwa na wapangaji. Mombasa nako hadi leo kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha fulani, nyumba ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Migogoro imekuwepo, sikatai. Lakini hakuna Mswahili aliyewahi kuchanganyikiwa akadhani kwamba mwenye kiwanja ndiye aliyejenga nyumba, au kwamba aliyeshika ufunguo wa chumba ndiye mwenye kiwanja. Jukwaa la mtandaoni ni kiwanja. Kozi ni nyumba. Ruhusa ya kuingia na kuhariri ni ufunguo. Mbona tukifika mtandaoni tunavichanganya vyote?

Sehemu ya jibu ni kwamba majukwaa yenyewe hayafanani. Katika Google Drive ya kawaida, kila faili ina mmiliki mmoja, na akaunti yake ikifutwa, faili huwa hatarini kufutika nayo. Taasisi lakini zinaweza kufungua hifadhi ya pamoja, ambamo faili ni za kundi na hubaki mahali pake hata aliyezipakia akiondoka. Katika Moodle, jukwaa lililoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutoka toleo lake la kwanza 2002, kozi haina mmiliki kwa maana hiyo. Ina watu waliopewa majukumu: meneja, mwalimu anayeweza kuhariri, mwalimu asiyeweza kuhariri, mwanafunzi. Kwa hiyo chuo kinapoandika kwamba 'mmiliki wa kozi katika Moodle ni mwalimu', kimechukua neno la kiwanja kimoja na kulipanda katika kingine. Ufunguo umegeuzwa hati ya shamba.

Sheria nayo inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaanza kwa kumpa mtunzi hakimiliki. Kisha inaongeza kwamba kazi iliyofanywa katika ajira, au iliyoagizwa na mtu mwingine, huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri au kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vinginevyo. Hapa mhadhiri asijidanganye: huenda kweli chuo ndicho chenye haki. Lakini sheria hiyohiyo inamwachia mtunzi haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi na haki ya kupinga isivurugwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Tena inaitambua kazi ya watunzi kadhaa ambao michango yao haitenganishiki, na ulinzi wake hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa mtunzi wa mwisho miongoni mwao. Yaani sheria inajua kuhesabu zaidi ya mmoja. Ni fomu zetu zisizojua.

Utaniambia, Profesa, wewe unataka kila mtu awe bwana, na wahenga walikwisha sema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Nimeona kozi ambamo kila mtu ana ruhusa ya kuhariri: leo huyu anafuta swali, kesho yule anabadilisha tarehe ya mtihani, na mwanafunzi anabaki ameduwaa. Ila methali ile inazungumzia usukani, haizungumzii mbao za jahazi. Haisemi kwamba nahodha ndiye aliyelichonga, wala kwamba jahazi ni lake. Funguo na ziwe chache, hata mbili zatosha, mradi zisiwe moja. Majina ya watunzi na yawe kamili. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Pia yafaa tutofautishe 'ruhusa' na 'idhini', maneno ambayo nyaraka zetu huyatumia kama pacha. Mimi ningependekeza 'ruhusa' libaki kwa jambo la kila siku: kuingia, kusoma, kuhariri. 'Idhini' litengewe uamuzi mzito unaotoka kwa mwenye haki: kuitafsiri kozi, kuiuza kwa chuo kingine, kuiondoa kabisa. Msimamizi wa jukwaa anaweza kukupa ruhusa kwa kubofya mara moja. Idhini yataka maandishi na sahihi. Na ni kweli kisheria kwamba uhamisho wa hakimiliki hapa Kenya hautambuliwi usipokuwa kwa maandishi yaliyotiwa sahihi.

Mfano wa jambo lililofanywa vyema tunao karibu. Chuo Kikuu cha Mtandaoni cha Afrika, kilichoanza 1997 na kuwa na makao yake Nairobi kwa miaka mingi, kiliwakusanya wahadhiri kutoka nchi 10 za Afrika wakaandika moduli za kuwafunza walimu wa hisabati na sayansi. Moduli zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zikiwa na majina ya waandishi, chini ya leseni ya wazi ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtunzi anatambuliwa, na mwalimu wa Nyeri au wa Maputo anajua bila kumuuliza mtu ni nini anachoweza kufanya na kazi hiyo. Akaunti ya fulani ikifungwa, maarifa hayafungiki nayo.

Si lazima kila kozi iwe wazi hivyo. Lililo lazima ni karatasi moja kabla ya kazi kuanza, yenye vichwa vitatu: watunzi ni nani na kila mmoja amefanya nini, mwenye haki ni nani, wasimamizi ni nani, nani atawarithi, na faili zitakaa wapi. Kichwa hicho cha mwisho kingetosha kuwaokoa wale wanafunzi waliobofya wakakuta patupu.

Anayeihitaji karatasi hiyo zaidi ni mhadhiri wa muda, yule anayefundisha Nyeri Jumatatu na Karatina Jumatano, asiyejua kama muhula ujao ataitwa. Mkataba wake ukikatika, ruhusa yake ya kuingia hukatika siku hiyohiyo, na hilo ni sawa. Isiyo sawa ni kwamba jina lake nalo hufutwa, na mwaka unaofuata kozi hufunzwa kwa sauti yake aliyoirekodi mwenyewe huku ukurasa wa kwanza ukimtaja 'mmiliki' mwingine. Vyuo vibakie na haki vinazopewa na sheria. Ila katika ukurasa huo wa kwanza, neno 'mmiliki' liondolewe, na mahali pake pawekwe 'watunzi', kwa wingi, wote waandikwe.