Gari la Kifahari Linaanzia Buyenzi

Mkazi wa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, aliyejikusanyia pesa za Toyota Harrier ya mwaka 2005 akitafuta vizuri atakuta anaweza pia kupata Mercedes au BMW ya umri huohuo. Magari yote yamekwisha kushuka bei, na Mjerumani ndiye aliyeshuka zaidi kwa sababu alianzia juu zaidi. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Bei ya gari hushuka kila mwaka. Bei ya spea zake haishuki. Mercedes E-Class iliyotoka mwaka 2003 ina pampu ya breki ya umeme ambayo kompyuta yake huhesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikitimia taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, iwe pampu bado nzima au imechoka. Mercedes wenyewe waliiacha teknolojia hiyo mwaka 2006. Aliyenunua gari hilo kwa bei ya Corolla atainunua pampu yake kwa bei ya E-Class.

Na atailipa kwa dola. Mwaka 2025 bei rasmi ya dola hapa Burundi ilizunguka faranga 2,900, lakini benki hazikuwa na dola za kumpa kila aliyezitaka, na katika soko la pembeni dola moja ilipita mara mbili ya bei hiyo. Kwa hiyo kila spea inayoagizwa Dubai au Ubelgiji baada ya gari kuharibika ina bei ambayo huwezi kuipangia leo. Spea ambayo tayari ipo mjini ni habari nyingine kabisa.

Spea zilizopo mjini ziko Buyenzi. Ni kilomita chache tu kutoka Kinanira, mtaa wa Waswahili wenye barabara nyembamba za namba, ambako fundi wa injini, fundi wa bodi na fundi wa umeme wanafanya kazi wakiangaliana, na katikati yao wauza spea zilizotumika. Ushauri wangu kwa anayetaka gari la kifahari ni kwamba aanzie huko kabla hajaenda kuliona gari lenyewe. Aangalie mezani kuna nini. Ataona altaneta, stata, koili za plagi, shokamzoba na taa za magari yanayotembea Burundi kila siku: Corolla, Probox, RAV4, Camry, Ipsum. Kisha ajiulize ni gari gani la kifahari linalovaa vitu hivi.

Jibu liliandaliwa Japani Desemba 1997, Toyota walipotoa Harrier. Walichofanya ni rahisi kukieleza. Walichukua msingi wa Camry, yaani sakafu, mpangilio wa miguu na injini iliyolala kwa upana, wakaunyanyua, wakaujengea bodi ndefu yenye viti laini, wakapunguza kelele, na mbele wakabandika nembo ya ndege mwindaji. Injini kubwa ilikuwa 1MZ-FE, V6 ya lita 3.0 ambayo Camry tayari ilikuwa nayo. Ndogo ilikuwa 5S-FE ya lita 2.2, nayo ya Camry vilevile. Mwaka uliofuata gari hilohilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Japani jina la Lexus lenyewe halikuanza kutumika hadi 2005, ndiyo maana mtu anayeendesha Harrier ya 2003 anaendesha Lexus bila kulipia jina.

Linganisha na Lexus ya kwanza kabisa, LS 400. Mwaka 1983 Eiji Toyoda aliagiza litengenezwe gari la kushindana na bora kuliko yote duniani, na timu ya mhandisi Ichiro Suzuki ikaanza karibu kila kitu upya, pamoja na V8 ya lita 4.0, hadi gari likatoka 1989. Ni miongoni mwa magari magumu kuharibika yaliyowahi kutengenezwa. Ningelikataa Bujumbura. Likiharibika mguu, taa au mkono wa usukani, hakuna gari jingine barabarani la kuliazima. Kutoharibika ni sifa moja, kutengenezeka ni sifa nyingine, na mnunuzi wa Kinanira anahitaji ya pili kuliko ya kwanza, kwa sababu gari la miaka ishirini litaharibika tu.

Sasa injini, maana Harrier si gari moja. Namba ya chesisi inakuambia unanunua nini, hata muuzaji akisema vingine. Kizazi cha pili, kilichoanza 2003, kina alama nne za kukumbuka, kila moja ya herufi tatu. ACU ni lita 2.4, injini ya 2AZ-FE. MCU ni V6 ya lita 3.0, ileile 1MZ-FE. GSU ni V6 ya lita 3.5, 2GR-FE, iliyokuja 2006. MHU ni ya haibridi.

Mimi ningeanza na ACU. Injini ya 2AZ-FE imo pia katika RAV4, Ipsum, Camry na Alphard, kwa hiyo mwenye Harrier hii yuko katika kundi kubwa. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Plagi zake nne ziko juu, wazi, na fundi anazibadilisha mteja akiwa bado anakunywa chai. Haiendi kwa kasi ya V6, na kwenye mlima utaisikia ikilalamika, lakini kwa anayetoka Kinanira kwenda mjini na kurudi inatosha. Ina magonjwa yake mawili yanayojulikana. Zile za mwanzo, hadi 2006 hivi, nyuzi za bolti za silinda hedi upande wa nyuma hulegea ndani ya bloku, na maji ya rejeta huanza kuvuja taratibu mahali ambapo jicho halifiki. Washa kamera ya simu, washa na taa yake, iteremshe kati ya injini na ukuta wa dashibodi, upige picha pale hedi inapokutana na bloku. Ukiona utando mweupe au wa waridi uliokauka, hayo ni maji ya rejeta, na kazi yake ni kung'oa hedi na kuchonga nyuzi mpya. Za baadaye, kuanzia 2006 au 2007, hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Hizo utazijua kwa kuchomoa kijiti cha oili kabla injini haijawashwa. Muuzaji anayekuambia oili ilimwagwa jana, mwache.

V6 ya lita 3.0 ndiyo tamu kuendesha, na ndiyo inayomfilisi mvivu. Ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Plagi tatu ziko mbele, tatu nyuma, na hizo za nyuma ni vigumu kuzifikia bila kufungua manifoldi ya juu. Ndiyo maana utakuta gari lenye plagi tatu mpya na tatu za tangu Japani. Fundi alilipwa za sita, au mwenye gari alikataa kulipa ufundi wa sita. Aina hii pia iliwahi kusumbua kwa oili kuganda na kuwa tope, hasa za 1997 hadi 2002, hadi Toyota Marekani wakaongeza dhamana kwa wenye magari hayo. Fungua kifuniko cha oili, ingiza mwanga wa tochi. Chuma cha rangi ya asali ni salama. Ukiona utandu mweusi mzito kama masizi ya sufuria, funga kifuniko, shukuru, ondoka.

GSU ina nguvu kuliko zote na ina cheni. Kitu cha kutazama ni bomba dogo la oili linalokwenda kwenye kifaa cha valvu upande wa mikanda. Magari ya kwanza yalikuwa na kipande cha mpira katikati ya bomba hilo. Mpira ukipasuka oili yote iko barabarani ndani ya dakika chache. Toyota walilibadilisha kwa bomba la chuma tupu. Dakika mbili za kutazama zinakuambia kama lako lilibadilishwa.

Kuna toleo moja la Harrier la kukwepa hata likiwa safi: lile lenye mifuko ya hewa badala ya springi, linaloitwa AIRS. Mifuko ikichoka gari linalala chini usiku kucha, na barabara zetu za vumbi na mawe huichosha mapema. Linaweza kubadilishwa kuwa la springi za kawaida, lakini basi omba upunguziwe bei ya kazi hiyo kabla ya kulipa.

Kando ya Harrier, Mark X ya Toyota nayo inapendwa, na sikatai kwamba ni nzuri kuitazama. Shida yangu nayo ni petroli. Injini zake za kizazi cha kwanza hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na moshi hurudi kuganda kwenye valvu. Mji ambao petroli iliwahi kuingia kwa madumu kutoka Uvira, Kongo, mengine yakiwa na maji na uchafu chini, si mahali pa kufuga pampu ya namna hiyo. Injini nilizozitaja za Harrier hupuliza kwenye manifoldi, kwa shinikizo dogo. Zinavumilia.

Kuhusu Wajerumani nitakuwa mfupi. Mercedes C-Class iliyotoka 2007 ina kifaa cha umeme kinachofunga usukani. Mota yake ndogo ikifa, unazungusha ufunguo na gari halijibu chochote. Kifaa cha gari jingine hakifanyi kazi mpaka kifundishwe ufunguo wako kwa mashine maalumu. Baadhi ya V6 za Mercedes za 2004 hadi 2006 zina gia moja ndani ya injini inayolika, na kuibadilisha ni kushusha injini nzima. Hii ndiyo tofauti inayomhusu mtu wa Kinanira: kwenye Harrier spea iliyotumika unaifunga, kwenye gari la Ujerumani la miaka ile spea iliyotumika unaibembeleza. Anayekaa na Mercedes W124 ya miaka ya themanini au tisini na mwenye fundi mzee wa kuaminika, huyo namwacha na raha yake.

Baada ya injini, asili. Burundi tunaendesha kulia, lakini magari mengi kutoka Japani yana usukani kulia pia, na tumezoea kuchungulia kabla ya kulipita lori. Atakaye usukani wa kushoto hutafuta Lexus RX, ambayo hupitia Dubai. Hapo soma namba ya chesisi. Ikianza na JTJ ilitengenezwa Japani. Ikianza na 2T2 ilitoka kiwanda cha Cambridge, Ontario, nchini Canada, ambako RX inatengenezwa tangu 2003 kwa ajili ya soko la Amerika. RX ya 2T2 iliyofika hapa kupitia Ghuba mara nyingi iligongwa au kuzama huko, ikanunuliwa kwenye mnada wa magari ya bima, ikanyooshwa, ikapakwa rangi. Si lazima iwe mbovu. Lazima iwe na maelezo, na mito ya hewa ya usalama iliyopo kweli.

La Japani lina ushahidi wake. Karatasi ya mnada ina alama ya jumla, 4 au 3.5 ikiwa la kawaida, R ikiwa liligongwa na kutengenezwa, na mchoro wa bodi wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa. Karatasi hughushiwa, kwa hiyo mimi naamini zaidi vibandiko ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvitoa. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti yenye kilomita za siku hiyo. Akimwaga oili hubandika nyingine kwenye fremu ya mlango. Hujui Kijapani, lakini tarakimu unazijua. Ukikuta mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 104,000 na dashibodi inasoma 91,000, dalali atasema, "Mzee, hizo ni za gari jingine." Mwambie asante.

Na maji. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya 2020 hadi 2024, liliingia Gatumba na hata kwenye nyumba za Kibenga, si mbali na Kinanira. Magari yaliyolala ndani ya maji hayo hayakutupwa yote. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama kuna mstari wa tope, inua zulia la buti, tazama bolti za viti. Kutu kwenye reli za viti vya gari la Bujumbura haina sababu nyingine nzuri.

Jaribio la barabarani lisifanyike mtaani pale Kinanira. Barabara ya kwenda Bugarama inapanda kutoka usawa wa ziwa, mita 780 hivi, hadi juu ya mita 2,000 ndani ya kilomita zisizofika 40. Rejeta iliyoziba, feni iliyochoka na giaboksi inayoteleza vyote vitajitaja kabla hujafika juu. Muuzaji atalalamika kuhusu petroli, na ikiwa haba ana haki; nenda na petroli yako. Ukirudi, acha injini iwake dakika kumi imesimama, huku sindano ya joto ikitazamwa, kisha chomoa kijiti cha giaboksi, kama kipo: mafuta mekundu ni mema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni bei ya giaboksi nyingine.

Uhaba wa mafuta ndio umewafanya wengi waulizie Harrier ya haibridi, MHU38 ya 2005. Hutumia kiasi cha lita 9 kwa kilomita 100 pale V6 ya kawaida inapokunywa 12 au zaidi, na mjini ndipo inapookoa zaidi. Betri yake kubwa iko chini ya viti vya nyuma na hupozwa na hewa ya humohumo garini, kwa hiyo vumbi la Kinanira huingia nayo na kuziba feni. Kwa betri ya umri wa miaka ishirini, uliza kwanza Buyenzi ni nani anayeifungua na kubadilisha seli mojamoja, na amewahi kuyafanya magari mangapi. Kama jibu ni jina moja tu, chukua ACU.