Zora Anamvumilia Nani?

Hapa Konyo Konyo Kiswahili kinakuja na mizigo. Kinaingia na nyanya na unga kupitia Nimule, wanakisema wafanyabiashara wa Uganda na Kenya, na tunakisema sisi tuliosoma Kakuma tukarudi Juba na Kiarabu kibovu. Ndiyo maana tamthilia za Kenya zina watu wake sokoni, wengine wakitazama vipande kwa simu huku wakipima maharagwe.

Zora ilianza Citizen TV Machi 2021, ikachukua nafasi ya Maria. Waliotengeneza ni Jiffy Pictures, kampuni ya Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla. Sarah Hassan, yule Tanya wa Tahidi High, ndiye Zora: mke mwaminifu anayeng'ang'ania ndoa na mume anayemtesa. Anaigiza vizuri sana, na kwangu mimi anaigiza vizuri zaidi akinyamaza kuliko akilia. Kuna ule ukimya wa mwanamke anayepima hali ya nyumba kabla ya kujibu swali dogo tu. Waliokulia nyumba za aina hiyo wanaujua bila kuelezwa.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Tamthilia ya kila jioni haiwezi kumwacha mke aondoke mapema. Akifunga mizigo Jumatano, Alhamisi wataonyesha nini? Kwa hiyo uvumilivu wake unavutwa kama chapati, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyoanza kuonekana mzuri. Mateso yanapata muziki. Mtazamaji anangoja siku mume atajuta, kwa sababu tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Na hapo maneno mawili yanachanganywa: uaminifu na uvumilivu. Kutomsaliti mtu ni jambo moja, kukubali akupige ni jambo lingine kabisa.

Nilizungumza haya na kikundi cha wasichana ninachokisimamia. Mmoja akauliza, "Kwani huyu Zora alitolewa ng'ombe wangapi?" Tulicheka sana. Baadaye nikaona huo ndio uhakiki mkali kuliko wangu. Katika tamthilia, ndoa ni ya watu wawili na siri zao. Kwetu ndoa ni ya koo mbili na zizi. Mke akiachika, mahari inaweza kudaiwa irudi, na mara nyingi hao ng'ombe hawapo tena kwa sababu kaka yake alishaolea. Sasa uaminifu wake ni kwa nani? Kwa mume? Au kwa kaka, na kwa wifi ambaye ndoa yake imesimama juu ya ng'ombe wale wale? Baba anayemwambia binti "rudi kwako, vumilia" si lazima awe hana huruma. Pengine anahesabu.

Sheria nayo haijafika mbali. Kanuni ya Adhabu ya Sudan Kusini ya 2008, kifungu cha 247, inasema tendo la ndoa kati ya mume na mke si ubakaji. Mwaka 2020 Juba ilipata mahakama maalum ya kesi za ukatili wa kijinsia, na hiyo ni hatua kubwa, ila kesi nyingi za ndoa bado zinaishia kwa machifu, na huko wanaongea wazee wa pande zote mbili kabla mke hajaongea.

Ninyi mlio kambini mna ng'ombe wa aina nyingine: kadi ya mgao. Jina la nani liko juu? Mke akitaka kutoka, lazima kadi igawanywe, na kabla haijagawanywa watoto wanakula wapi? Hilo sijaliona kwenye tamthilia yoyote.

Na ndugu zetu wa mashirika, msifurahi mapema. Maigizo yenu ya uhamasishaji yana kosa la upande wa pili. Mume anapiga dakika ya pili, jirani anatoa namba ya simu dakika ya nne, dakika ya sita mke anatabasamu na tunagawiwa soda. Zora inachelewa mno, lakini angalau inajua kwamba kuondoka kunachukua muda, na kwamba mwanamke anaweza kumpenda mtu anayemwogopa. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua Zora.

Sasa wasichana wanaandika igizo lao, kwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili. Mke ameshaamua kwenda kwao, hilo halikuwachukua hata ukurasa mmoja. Wamekwama kwa kaka. Anasimama mlangoni, mkewe yuko nyuma yake na mtoto mchanga, na wamemwandikia sentensi tatu tofauti za kumwambia dada yake. Zote wamezifuta.